Misuli Niliyokuchorea kwa Chaki

Mpendwa baba,

Nimerudi kutoka Tura juzi. Nilikwenda kumwona dada yako, shangazi Zuhura, nikamweleza jambo nililolificha tangu ulipokuwa hai. Yeye ameshalisikia. Umebaki wewe, niliyepaswa kuanza nawe.

Nianze na ile likizo ya mwaka wangu wa pili chuoni, nilipokuwa nasomea fiziotherapia, tiba ya viungo. Nilirudi Tabora na daftari zima la misuli ya mwili, na mtihani ulikuwa wa kutaja na kuonyesha: mwalimu anashika bega la mtu, anakuuliza huu unaitwaje, unaanzia mfupa upi, unaishia wapi, unafanya kazi gani. Sikuwa na mtu wa kujifunzia. Wewe ulikuwa kwenye karakana yako pale Gongoni, unapiga randa mbao za mninga za kitanda cha bwana harusi mmoja. Ukanisikia nikisomasoma peke yangu mlangoni, nikikosea na kurudia. Ukaweka randa chini, ukavua shati, ukaketi kwenye benchi ukiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Nichore hapa," ulisema. "Chaki hiyo hapo."

Nilikuchora mchana kutwa. Juu ya bega nikaandika deltoidi, mgongoni kuanzia shingoni nikachora trapezi yenye pembe zake, kifuani pektorali, na mbavuni nikaushusha ule mpana wa mgongo mpaka karibu na kiuno. Wateja walipita wakacheka. Mzee mmoja muuza tumbaku alikuuliza kama umeuzwa kwa vipande. Wewe hukujali. Kila nilipotaja jina uliniuliza kazi yake, kisha ukaupa jina lako. Msuli wa nyuma ya mkono, traisepsi, ukauita wa randa, kwa sababu ndio unaosukuma. Ule mpana wa mgongo ukawa wa msumeno. Misuli minne ya mbele ya paja ukaiita ya kupandia dari. Tako ulilitazama kwa kugeuza shingo ukasema hilo ni la kunyanyulia gogo, na vijana wanaoinama kwa mgongo ndio wanaoumia.

Tulibishana kwenye baisepsi. Mimi nilisema kazi yake ni kukunja kiwiko, kitabu kimesema hivyo. Ukachukua bisibisi, ukakaza skrubu kwenye ubao, ukanishikisha mkono wako. "Sikukunja kitu hapa. Nimegeuza tu. Mbona umeruka?" Nikaenda kusoma tena, nikakuta maneno yako yapo kitabuni, mstari wa chini niliouruka. Na ndilo swali nililoulizwa kwenye mtihani. Nilipokupigia simu kukueleza, ulicheka mpaka ukakohoa.

Likizo iliyofuata ndiyo niliyotaka kukuandikia.

Ulikuwa unakaza bawaba za kabati, bisibisi ikakuponyoka. Ukaiokota, ikakuponyoka tena. Ukasema ni jasho. Nikaushika mkono wako nikauangalia kwenye mwanga wa mlango. Kati ya kidole gumba na cha shahada, pale penye msuli mnene ambao kila seremala anao, palikuwa na shimo. Nyama ya chini ya kidole gumba nayo ilikuwa imeshuka, kiganja kimekuwa bapa. Halafu nikaona ngozi ya mkono wako wa juu ikichezacheza yenyewe, hapa kidogo, pale kidogo, na wewe umetulia hujui. Bega la kulia lilikuwa limepungua kuliko la kushoto. Wewe unayetumia la kulia.

Tulikuwa tumefundishwa ugonjwa wenye dalili hizo muhula ule ule. Neva zinazoendesha misuli zinakufa, na misuli inakufa nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka ile ya kumezea, ya kusemea na ya kupumulia. Hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Mwalimu alituonyesha picha ya mkono. Picha ile na mkono wako havikuwa na tofauti.

Uliniuliza kwa utulivu tu. "Wewe umesoma. Nini hiki?"

Nikasema, "Ni neva imebanwa, baba. Kazi nyingi. Ukifanya mazoezi utapona."

Watu wakinisikia watasema nilikuonea huruma. Huruma ilikuwepo, ila haikuwa nyingi kama woga. Sikutaka kuwa mimi wa kukuambia. Nilitaka akuambie daktari, mtu mwingine yeyote, siku ambayo mimi nipo chuoni. Na nilijipa moyo kwamba mimi ni mwanafunzi tu, huenda nimekosea. Lakini sikuwa nimekosea na nilijua, maana usiku ule sikula, na mama aliniuliza mara mbili.

Ulifuata nilivyosema. Mama alinisimulia kwa simu jinsi ulivyokuwa ukiamka baada ya alfajiri, unashika ubao wa mninga kwa mkono wa kulia na kuunyanyua mara ishirini, mara thelathini, ili msuli urudi. Daktari wa hapa mjini alikuandikia barua ya kwenda hospitali ya kanda, ukaiweka kabatini. Ulimwambia mama ya nini kwenda mbali wakati mtoto ameshasema ni neva. Mkono ulipozidi kulegea uliongeza mara. Ukajilaumu kwamba hujitahidi.

Na kulikuwa na suala la shangazi. Watu wa nyumbani walilijua ila hawakulitaja mbele yako. Bibi alipofariki, shangazi alipanda treni Tura siku ile ile kuja kumzika mama yake. Treni ikachelewa. Wewe ulisema azikwe, na akazikwa. Shangazi alifika na kanga yake mkononi akakuta watu wanatawanyika makaburini. Alisema neno moja tu, "Hukunisubiri," akarudi stesheni bila kunywa maji ya nyumba yetu. Mkakaa miaka saba hamsemeshani.

Mwaka ule ule wa mkono, tukiwa tumekaa barazani, uliniambia, "Nataka kwenda Tura. Kuna sababu sikumsubiri, na sababu hiyo sijamwambia mtu. Nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu."

"Twende wiki hii basi," nilisema.

"Nikipona. Siwezi kwenda kwa dada yangu na mkono unaning'inia, ataona nimekuja kutafuta huruma."

Pale, baba. Pale ndipo nilipopaswa kusema. Ulikuwa unaongea vizuri, miguu yako ina nguvu, treni inapita. Nilikuwa na mdomo wazi. Nikasema, "Sawa. Ukipona."

Ukaanguka kwenye ngazi ya choo miezi minne baadaye. Ndipo tukakupeleka hospitali ya kanda, kwa gari la kukodi, mama nyuma na wewe kichwa chako begani mwangu. Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu, alikueleza yote kwa Kiswahili chepesi, hakuficha. Kisha akanigeukia akasema vizuri kwamba familia ina mtu wa fiziotherapia, kwa hiyo bila shaka mlikuwa mnajua. Uliniangalia. Sauti yako ilikuwa imeanza kuwa nzito, maneno yanaburuta.

"Tangu lini?"

"Tangu bisibisi."

Tukaanza safari ya kurudi Tabora mpaka tukafika Nzega. Hapo uliomba maji, na ulipokwisha kunywa ulisema, "Ungeniambia, ningekwenda Tura." Hukunilaumu tena baada ya hapo, hata siku moja. Afadhali ungenilaumu.

Mimi ndiye niliyempigia shangazi. Alikuja baada ya miezi miwili, alipomaliza kuvuna karanga, kwa sababu sikumwambia ukweli wote hata yeye; nilisema unaumwa. Alipokuja ulikuwa huwezi kusema wala kuinua kidole. Mama alikuwa akikulisha uji kwa kijiko kidogo, na nusu yake ulikuwa unakupalia. Yalikuwa yamebaki macho.

Aliingia akasimama kwanza, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mdogo wangu," alisema, "sikuja kugombana. Nataka kujua tu. Treni ilichelewa kwa saa tatu. Saa tatu. Mama angeoza?"

Ulitoa sauti. Haikuwa neno. Ulirudia, machozi yakikushuka mpaka masikioni kwa kuwa ulikuwa umelala chali. Nikasema nitataja herufi, na wewe ufumbe macho nikifika penyewe. Shangazi aliona ni mchezo, ila alikaa. Nilianza. Ulifumba kwenye A. Nikaanza tena, ukafumba kwenye L. Nikaanza tena, ukafumba kwenye I.

"Ali," nilisema.

Shangazi aliinama. "Ali nini? Alitaka? Alisema? Aliniacha na neno? Alikataa nisimwone?"

Nikaendelea na herufi. Pumzi ilikuwa inakuishia, tumbo linaingia ndani badala ya kutoka nje, nikajua kiwambo, msuli wa kupumulia, nacho kinakwenda. Ulifumba macho kwenye herufi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, nikajua si jibu tena, ni uchovu. Hukuyafumbua mpaka shangazi alipoondoka kuwahi treni ya jioni. Kesho yake nilijaribu tena na kesho kutwa, nawe ukaniangalia tu. Ulifariki Ijumaa ile, kabla ya adhana ya adhuhuri.

Nilikuwa mmoja wa waliokuosha. Nilipewa upande wa kulia. Sheikh alikuwa anamimina maji na mimi napitisha mkono, na mkono wangu ulijua mahali pa kila kitu. Ulipofika begani ulikuta mfupa. Mgongoni ukakuta mbavu. Nyuma ya mkono, ule wa randa, palikuwa na ngozi tu iliyokunjika kama mfuko mtupu. Ulikuwa mwepesi, baba. Nilikugeuza peke yangu, na nakumbuka zamani wanaume wawili walishindwa kukutoa benchini ulipoamua kulala pale mchana. Shangazi alisubiriwa safari hii. Alifika, akakaa na wanawake, hakuniuliza chochote.

Mama naye hajui ile sababu. Nimemuuliza. Anasema siku ya msiba wa bibi ulikuwa kichwani pake asubuhi nzima, wawili tu, mlango umerudishwa, na ulipotoka ulisema azikwe mara akikata roho, asisubiriwe mtu. Anadhani bibi alikuachia wosia. Anadhani tu.

Kwa hiyo nilikwenda Tura. Nilimkuta shangazi uani anabangua karanga, nikamwamkia, akaitika marahaba na kunisogezea kigoda. Nikamweleza yote: mkono, shimo la kidole gumba, uongo wangu, na maneno yako ya barazani kwamba ulitaka kwenda mwenyewe. Hakuacha kubangua. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo alitaka kuja."

"Ndiyo, shangazi."

"Miguu ikiwa mizima."

"Ndiyo."

Sasa akaacha kubangua. "Neno lile nimelimaliza kwa kila namna. Nikiwa shambani namaliza 'alitaka'. Nikilala namaliza 'alikataa'. Siku nikiamka na 'alikataa' sili mpaka jioni." Akapukusa maganda mapajani. "Nilidhani ni Mungu aliyetufungia. Kumbe ni wewe."

Nikamwomba msamaha. Aliniuliza kitu kingine. "Sasa una kazi hospitali, unakanda watu. Umewaambia wangapi kwamba watapona?"

Alifunga asali kwenye dumu dogo kwa ajili ya mama, akanipa. Wewe unajua mgeni wa Tura husindikizwa mpaka stesheni hata kwenye jua kali. Nilikwenda stesheni peke yangu.

Jana nilirudi kazini. Kuna dereva wa lori anayekuja kwangu kila Jumanne na Alhamisi. Aliumia uti wa mgongo. Miguu yake haitembei na haitatembea. Tangu aanze, ninamkunja na kumnyoosha magoti huku nikisema tutaona, tusikate tamaa. Jana aliniuliza kama mwezi wa tatu atakuwa ameshaanza kuendesha, maana tajiri anamshikia lori. Nilitaka kusema lile la kila siku. Nikayaacha magoti, nikakaa chini ili tulingane macho, nikamwambia.

Aliyashika magoti yake kwa mikono miwili. Kisha akauliza, "Ulijua tangu nilipoletwa?"

Nikasema ndiyo.

Akamwita mkewe aje amtoe. Mkewe hakunitazama usoni wakati anakigeuza kiti chake cha magurudumu.

Sijui kama atarudi kesho, Alhamisi. Nimemwekea nafasi yake. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, baba, na dada yako amjalie asubuhi nyingi za neno lile jema. Mimi sikuombi unisamehe, sijui nitaanzaje. Nimeona tu nisikae na ukweli wako kwa mara nyingine.

Mwanao, uliyempa mgongo wako ajifunzie.