Mama Besi na Mtu Aliyepiga Kelele Ukumbini

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuage usiku ule kwa maneno yako ya kila siku: “Msiniamshe kabla chai haijawa tayari.” Chai ilikuwa tayari. Wewe hukuamka.

Watu walikujua kwa njia mbili. Mchana ulikuwa mpima macho, na koti lako jeupe lilijaa kalamu mfukoni. Jioni na mwisho wa wiki uliinua upinde na kupiga besi katika okestra, ile fidla kubwa iliyokupita urefu, ukaitwa Mama Besi hata na watu ambao hawajawahi kukusikia ukiipiga. Madereva wa teksi waligoma kuibeba. Wewe ukawaambia, “Huyu ni abiria wangu mnene, lakini hatapiki wala haongei siasa,” wakacheka wakafungua milango.

Chai uliinywa ikiwa baridi, kwa kuwa uliisahau huku unapigapiga vidole mezani. Jirani akija kulalamika juu ya mazoezi yako, alitoka na miwani mpya.

Leo tunataka kukumbuka siku moja ambayo uliisimulia mara nyingi, na Baba akakukatiza kila mara akisema si hivyo ilivyokuwa. Safari hii tutaisimulia sisi, naye amekubali kunyamaza.

Zama zile okestra yenu ilipiga kwenye ukumbi wa hoteli tu, mbele ya wageni waalikwa. Walisinzia kwa heshima na kupiga makofi pale jirani alipopiga. Mliwapigia mara nyingi kazi moja ndefu ya mtunzi wa kale, mtu wa hisia kali, ambaye inasemekana alitoka kutazama mchezo wa kuigiza machozi yakimlengalenga, akaenda moja kwa moja kuandika muziki. Mchezo wenyewe ni wa baba aliyemfungia binti yake lango kwa sababu ya mwanamume aliyemchagua, akaja kulifungua wakati kumeshaharibika. Katika muziki hakuna neno hata moja. Ngoma kubwa ndiyo inayobisha hodi. Lango ni nyinyi wapiga besi.

Wewe ndiye uliyesema mkaupige kwenye bwalo la karakana ya mabasi. Mwongozaji wenu, mtu wa tai na adabu zake, alisema, “Mama Besi, tutaongea na mafundi kuhusu mtunzi huyu?” Ukamjibu, “Hatutaongea. Tutapiga.”

Mkaenda. Meza zilisukumwa ukutani. Mafundi walikaa na ovaroli zao, madereva na wapishi nyuma, wengine wamesimama milangoni. Mwongozaji akawaeleza kisa kwa maneno machache, akawageuzia mgongo, akainua fimbo.

Mwanzoni watu walichekacheka. Zumari nene ilipokoroma, mmoja akasema, “Huyo ni kondakta wetu kabisa.” Kidogo kidogo kicheko kikaisha. Mpishi akaweka mwiko chini. Mlinzi mzee alivua kofia, ingawa hakuna aliyemwambia. Ngoma ikabisha. Nyinyi mkajibu chini kabisa: hapana. Ikabisha tena. Hapana. Kisha kikaja kile kimya ambacho wageni wa hoteli walikitumia kukohoa.

Katikati ya kimya hicho sauti nene ikapasuka kutoka upande wa mafundi:

“Mfungulie, bwana! Mtoto analowa!”

Bwalo zima likalipuka. Wengine walicheka, wengine wakaunga mkono. Mama mmoja wa jikoni akapaza sauti, “Kweli kabisa! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, huyu ni mzazi gani?” Mwongozaji akashusha fimbo. Uso wake ulikuwa umeiva.

Hapo ndipo ulipofanya jambo ambalo wenzako walilieleza hadi siku ya maziko yako. Hukumngoja. Uliupiga ule mstari wa lango peke yako, polepole, kama mtu anayekataa huku moyo unamwambia asikatae. Ngoma ikakufuata. Fidla zikafuata. Mwongozaji naye hakuwa na la kufanya ila kuinua fimbo tena.

Mlipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Dereva mmoja akauliza, “Kwa hiyo yule binti amekufa?”

“Amekufa,” ukasema.

“Basi pigeni tena. Labda safari hii atamfungulia.”

Stoo, mlipokuwa mnafunga vyombo, mwongozaji alikuwa moto. “Hapa haturudi. Hawa hawajui kusikiliza.”

“Mwalimu,” ukamwambia, “hotelini tumeupiga hadi tumechoka. Umewahi kuona hata mtu mmoja akimwonea huruma yule binti?”

“Hotelini wana adabu.”

“Wana adabu. Hawa walikuwa na wasiwasi. Usipokuja wewe, mimi nitakuja na besi yangu.”

Kama mwongozaji angekuondoa, okestra ingebaki bila besi ya kuaminika, na wewe ungebaki bila kitu ulichokipenda kuliko usingizi. Ulilijua hilo na hukurudi nyuma. Wiki ikapita. Kisha mwongozaji akapita dukani kwako, akajifanya macho yanamsumbua, na akiwa ameinamia mashine akauliza, “Lile bwalo, Ijumaa lina nafasi?” Tangu hapo mlipiga huko kila Ijumaa, na watu wakajaa hadi uani.

Yule mpiga kelele alikuwa fundi breki. Siku ile ile alikufuata mlangoni, mikono imejaa grisi, akakupa kiwiko badala ya mkono.

“Dada, samahani. Niliropoka.”

“Samahani ya nini? Ila niambie jambo moja. Ulijuaje kwamba analowa? Mwongozaji hakutaja mvua.”

Akakuna kichwa. “Si zile fidla ndogo? Zilikuwa zinanyesha.”

Ulitwambia kwamba ulikaa juu ya sanduku la besi ukacheka mpaka ukashika mbavu, kisha ukamwambia, “Masikio yako ni mazima. Njoo Jumatatu nikupime macho.” Alikuja Jumatatu. Alikuja na Jumanne. Macho yake hayakuwa na tatizo lolote, na ndivyo tulivyompata Baba.

Yapo na ya baadaye, ambayo Baba ameturuhusu kuyasema. Dada yetu mkubwa alipoolewa bila kutuaga, Baba alisema asikanyage tena nyumbani. Miezi ikapita. Jumapili moja mchana akabisha hodi, tukaijua sauti yake. Baba hakushusha gazeti. “Asifunguliwe.”

Wewe hukubishana. Ulivuta kiti, ukaikumbatia besi, ukaanza: hapana. Ukanyamaza. Hapana.

“Mke wangu, huo ni muziki tu,” akasema Baba.

“Ndiyo, ni muziki tu. Kaa usikilize.”

Baba akashusha gazeti. Ulipoanza mara ya tatu akasimama, akasema, “Basi! Hasira hasara, nimesikia,” akaenda mlangoni mwenyewe. Hakumkaripia Dada wala hakumkumbatia. Alimuuliza, “Umekula?” Mume wa Dada, mkwe tuliyeambiwa tusimtaje, ndiye anayepakuliwa nyama ya kwanza siku hizi, na sisi tunangoja zamu.

Siku ya kukuzika mwongozaji alikuja na fimbo ya kutembelea. Alilia kwa sauti mbele za watu, yeye wa adabu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baba ndiye aliyetutia hofu mwaka huu. Redio ikigusa fidla aliizima. Tulimbembeleza aje bwaloni Ijumaa, akasema magoti yanamuuma. Tukamwacha. Wiki iliyopita, bila kuulizwa, akasema, “Nipigieni pasi lile koti la kijivu.” Akaenda peke yake, akakaa safu ya mbele. Sisi tulimngoja nyumbani tukiwa hatuna amani.

Akarudi, akavua koti, akalitundika vizuri.

“Vipi, Baba?”

“Yule mpiga besi mpya anaharakisha,” akasema. “Hajui kukataa. Ijumaa ijayo nitakwenda nimwambie.”

Kisha akaomba chakula, akala sahani nzima.

Unakumbukwa na mumeo fundi breki; watoto wako Dada mkubwa, Kaka na Kitinda mimba; mkwe wako; wajukuu wako, ambao wote umewaachia miwani na midundo ya vidole; dada yako Mama Mdogo, anayesema hukuwahi kumshinda kwa kuimba; mwongozaji na okestra nzima, na watu wa karakana, zamu ya mchana na zamu ya usiku.

Mama Besi, hatutakusahau kamwe.