Kwa Baba Kiyoharu, Aliyepanda Mlima Akiwa Kwenye Kiti cha Nyuma

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Februari ulipotutoka, theluji ikiwa imefika usawa wa dirisha na birika likichemka juu ya jiko.

Kwa miaka thelathini na mmoja uliendesha basi la shule katika bonde letu, na hukumwacha mtoto hata mmoja njiani, wala wale waliochelewa kwa makusudi. Lakini Jumapili ilikuwa siku ya pikipiki. Ile nyeusi ya silinda mbili, ya mwaka 1966, uliyoikuta kwenye banda la kuku na kuifufua skrubu kwa skrubu.

Ulikuwa na mambo yako. Uligusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake ukautia sikioni, kama daktari anayesikiliza kifua. Kabureta uliisafisha kwa mswaki wa Mama, ndiyo maana Mama alizoea kununua miswaki miwili miwili. Majirani walikuletea trekta zao ndogo za mpunga na mashine za kufyekea nyasi. Wakija kukushukuru, uliwauliza tu, "Inawaka mara moja?" Wakisema ndiyo, ulirudi ndani kumalizia chai yako.

Tulipokuuliza raha ya pikipiki ile ni nini hasa, ulijibu: "Kupanda mlima wa Sasagatawa asubuhi, mpunga umeshavunwa, injini inapumua vizuri. Basi."

Halafu kikaja kile kiharusi. Kilikuwa kidogo, lakini mkono wa kushoto haukuweza tena kubana klachi. Mwanao Nobumasa akaja kutoka Hiroshima, akaitazama pikipiki bandani, akarudi mezani.

"Baba, tuiuze kabla haijaota kutu."

Ulitazama chai yako. "Ichukue," ulisema.

Kwa zaidi ya miaka arobaini Mama alikuwa amelalamikia harufu ya petroli kwenye nguo alizoanika. Siku hiyo aliweka bakuli chini. "Haitoki hapa."

"Sasa nani ataiendesha, Mama?"

"Mimi."

Sisi tulicheka. Wewe hukucheka. Ulimuuliza, "Ikianguka utaweza kuinyanyua?"

"Kila sherehe ya mavuno nakunyanyua wewe. Hiyo itanishinda nini?"

Alikuwa na miaka sitini na saba. Alijiandikisha shule ya udereva pamoja na vijana waliomwita bibi, na mara tatu akafelishwa na ule ubao mwembamba wanaopitishwa juu yake bila kuweka mguu chini. Jioni ulimlazia ubao uani, ukamfuata kwa fimbo yako ukimwambia, "Usitazame tairi, mama watoto. Tazama unakokwenda." Mara ya nne alipita. Nobumasa aliomba ruhusa kazini akaja kushuhudia, na ndiye aliyelia.

Hapo ndipo tulipoijua sheria: mwenye leseni mpya habebi mtu mpaka mwaka upite. Daktari alikuwa ameshatuambia moyo wako umechoka. Kila mmoja wetu alikuwa akihesabu miezi.

Mwaka huo ulikaa barazani. Mama alizunguka bonde peke yake, nawe ukisikiliza. Akirudi tu:

"Umechelewa kushusha gia pale darajani."

"Umenionaje, na daraja liko nyuma ya kilima?"

"Nimekusikia."

Alikuwa akinung'unika, lakini kesho yake alishusha gia mapema, nawe ukatikisa kichwa kwa kuridhika. Ulimfundisha kukaza cheni, kubadilisha oili, kujua kwa kidole kama plagi ina afya. Mimi Chizuru, binti yenu, nilikuja kila mwisho wa juma nikidhani nimekuja kuwauguza. Niliwakuta mmeinama juu ya injini, mikono myeusi, mkibishana.

Mwezi wa kumi, siku mwaka ulipotimia, Mama alijifunga mkanda mpana kiunoni ili upate pa kushika. Mkapanda Sasagatawa. Alituambia baadaye kwamba ulimfundisha njia nzima, mpaka akasimamisha pikipiki akakwambia abiria hamfundishi dereva. Juu kabisa mlikula matonge ya wali yenye plamu za chumvi, na ndipo uliposema, "Sumie, miaka yote nimepita hapa nikitazama barabara. Leo ndiyo nimeuona mlima."

Mlipanda mara kumi na moja kabla ya theluji. Tunazishukuru zote.

Juzi, kwenye ibada ya kutimiza mwaka, mtawa wa hekalu alimuuliza Mama kama ana neno la kukuambia. Mama alifikiri kidogo, akasema: "Mwambie asinitazamie karibuni. Leseni yangu nimeihuisha, ina miaka minne."

Unakumbukwa na mkeo Sumie, wanao Nobumasa na Chizuru, mkweo Kaori, mjukuu wako Itsuki, dada yako Fujie, na wote uliowashusha salama mlangoni kwao.

Hatutakusahau, Baba, siku zote tutakazojaliwa.