Kwa Nini Jubilate Aliinua Ndege

Mwaya, Kyela
Juni

Mdogo wangu mpendwa Dickson,

Nakusalimu kwa upendo, nikiamini umeamka salama huko chuo cha urubani na ule mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo tu, na mpunga mwaka huu umetuheshimu. Ndaga fijo kwa kutupigia simu baada ya msiba. Siku ile nilishindwa kusema, ndiyo maana naandika. Mwandiko wangu unaujua, nivumilie.

Rafiki yako Jubilate alifanya kama ulivyomwelekeza. Alipita chini na ndege mara moja juu ya uwanja wa ndege tunapoanika mpunga, nasi tukajua kazi yetu: kila turubai wanawake wanne, kila mmoja na pembe yake, tukakimbiza mpunga pembeni. Mama Doreen alikuwa anacheka, akisema tusipoharakisha huyo mwanafunzi atatukobolea bure. Ulishatuambia atakuja peke yake. Tukampungia.

Akazunguka juu ya ziwa, akarudi. Magurudumu yalikuwa karibu kugusa nyasi. Ghafla akainua pua ya ndege, ikapanda kidogo, ikalala ubavu, ikaanguka kwenye mashamba. Kabla hatujafika, moto.

Tangu hapo hakuna anayeanika pale. Ikipita ndege, hata zile za juu kabisa, nawaona wenzangu wanakunja vidole kama wanaotafuta pembe ya turubai. Mimi nausikia mlio wake hata nikiwa napepeta mchele.

Wakaguzi walipouliza, waliambiwa mwanafunzi alichanganyikiwa. Kule mashineni wanaume wanasema alidhani ndege ni bodaboda. Mama yake alipokuja kuchukua mwili, alipita akiwaomba watu msamaha kwa mashamba yaliyoungua. Hata mimi aliniomba, Dickson. Nikampa mkono, akaendelea na nyumba ya pili.

Sasa nikwambie. Tulipokimbia na turubai, mimi nilijua Mama Doreen amembeba Anyosisye wangu, na yeye alijua ninaye mimi. Nilipogeuka, ndege imeshashuka karibu na nyasi, mtoto ameketi katikati ya uwanja anaokota punje. Nikamkimbilia. Jubilate alituona. Nilimwona uso, mdogo wangu, hakuchanganyikiwa hata kidogo. Ndipo akainua.

Wote walikuwa wanatazama ndege. Niliporudi na mtoto kifuani, hakuna aliyeniuliza. Mama Doreen naye siku hizi hanitazami machoni.

Mume wangu Ezroni bado hajui. Naogopa, lakini leo jioni nitamwambia, na kesho nampeleka mtoto kwa mtendaji wa kijiji, wakaguzi waitwe waandike upya. Wewe nenda mwenyewe kwa mama yake Jubilate, usipige simu. Mwambie asimwombe tena mtu msamaha. Mwambie mtoto yupo, ana meno manne, na nitamleta ampakate.

Wasalimie wenzako wa darasa. Kila ukipaa, ujue kuna mtu Mwaya anakuombea mpaka utue.

Mimi dada yako,
Ikupa, mama Anyosisye