Redio Chini ya Kitambaa

Lanet, Jumatano jioni, Juni 1972

Nimesema uongo, na kwa umri huu.

Leo sokoni, nikiwa na binti yangu Wairimu, nilikutana na ndugu wa Mwalimu Kamau wa Subukia, niliyefundisha naye miaka ishirini. Kamau amefariki. Walimzika Jumamosi.

“Mwalimu, tulitangaza redioni, tukakungoja uongoze sala,” aliniambia. “Ama hiyo redio yako kubwa haijui Kiswahili?”

Nilimjibu kwamba imeharibika.

Redio yangu ni nzima. Ilitoka Uingereza, nikainunua kwa Mhindi mjini, na hukaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma ikingoja wageni. Alhamisi iliyopita, redio iliyokuwa ikisema ni ya Wairimu, aliyoiunda mwenyewe kwa vipande ndani ya sanduku la majani ya chai.

“Baba, njoo,” aliniita kutoka jikoni. “Wanasoma matangazo ya vifo. Wametaja mwalimu wa Subukia.”

“Mzime huyo kunguru. Siku nikitaka habari, nina redio.”

Akazima. Yangu sikuiwasha.

Leo sokoni alilisikia jibu langu. Jioni hii amekuja sebuleni na bisibisi yake.

“Baba, nimesikia redio imeharibika. Niitazame?”

Ningeweza kusema kweli. Badala yake niliondoa kitambaa, nikamshikia taa. Akaifungua, akapangusa vumbi, akaifunga tena.

“Sasa imepona, Baba,” alisema, kwa heshima ileile ya siku zote.