Sakafu ya Roketi Kule Kilimani

Baba Kemunto,

Huko uliko nadhani hakuna mvua ya mawe, basi umepumzika. Sisi tungali nayo. Kaburi lako lilikuwa halijaota nyasi vizuri wale wakubwa wa roketi walipokuja na lori. Waling'oa vyuma vyote ulivyokuwa ukirushia roketi mawinguni kuvunja mvua ya mawe ili chai yetu ipone, wakasema sasa ndege ndiyo itakayotawanya mawingu. Wametuachia sakafu ya saruji na banda tupu. Eti kile kipande cha shamba ulichowaazima kimerudi kwetu. Kwetu nani? Hapo ndipo usingizi uliponihama.

Maana mdogo wako Mokaya hatulii. Mawingu yakikusanyika tu, anapanda kilimani, anatembea juu ya sakafu kutoka kona hii hadi ile, anatazama huku na huku. Akiniona, "Napita tu, shemeji." Anapita kwenda wapi, na njia inaishia palepale? Nikasema moyoni, huyu anapima shamba alichukue. Mtoto wetu ni mmoja, tena msichana, na unajua watu wa huku wanavyohesabu watoto. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo nikamuwahi. Nikawaita akina mama waje waanike nafaka yao ya wimbi pale. Saruji ile ni nzuri ajabu, wimbi hukauka upesi na halina mchanga. Sasa wanatoka hata ng'ambo ya Kebirigo na vikapu vyao. Palipojaa wanawake, nani atathubutu kuzungushia ua? Ingawa na wao nawachunga. Mama Nyaboke ameleta kigoda chake na jioni harudi nacho nyumbani. Leo kigoda, kesho kibanda.

Juzi wingu likaja jeusi kabisa. Tukakimbilia wimbi. Nilimkuta Mokaya ameshafika, anazoa kwa mikono na kuingiza bandani. Wingu likasimama juu yetu, pale ambapo wewe ungepaza sauti, "Zibeni!" Nami nikaziba masikio. Sijui kwa nini. Nilikuwa nakungoja ulipue. Nikageuka, nikamwona Mokaya naye ameziba yake, macho ameyafumba.

Mlipuko haukuja. Mawe yalishuka, yakaichana chai yote ya upande wa mto. Tulisimama bandani, akasema, "Kaka asingeliacha wingu hili lipite." Kumbe hakuwa akipima. Alikuwa akipanda kule kukungoja, Baba Kemunto, kama mimi. Nililia kuliko siku ya mazishi.

Lala salama, mume wangu. Nakuahidi sakafu yako haitazungushiwa ua na mtu yeyote, hata mimi. Nimempa Mokaya ufunguo wa banda.

Ule mwingine nimeufunga kwenye pindo la leso yangu.

Mkeo,
Mama Kemunto