Laptopu ya Mitumba na Chumba cha Mbele

Chumba cha Mbele,
Nyumba ya Babu Yako.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mwanangu,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, na kabla ya lolote nataka kujua hali yako. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona, au bado unakohoa huku ukiniandikia kwamba hujambo? Unakula vizuri? Chai haihesabiwi kuwa chakula. Mimi shangazi yako ni mzima. Magoti yananung'unika ninapopanda ngazi, lakini vidole vyangu, namshukuru Mungu, havijapata kuwa na afya kama sasa. Barua hii itakueleza sababu.

Umeniuliza ununue laptopu gani kwa ajili ya masomo yako ya tafsiri, kwa kuwa akiba yako inatosha kununua mara moja tu. Umenieleza pia kwamba baba yako amekushauri kwa simu ununue mpya, yenye kioo kikubwa na inayong'aa. Baba yako ni mdogo wangu na nampenda. Ni seremala hodari. Katika jambo hili, hata hivyo, usimsikilize. Yeye na mimi tumetoka kushindana juu ya jambo hilihili, na aliyeshinda ndiye anayekuandikia.

Unakijua chumba cha mbele. Tangu nilipostaafu kufundisha upigaji chapa, nimekuwa nikiwachapia watu kazi zao humo kwa taipureta yangu. Kisha kijana mmoja tunayemwita Chapuchapu akafungua duka la kompyuta ng'ambo ya barabara, na benchi langu la wateja likawa la paka. Baba yako akaja na habari kwamba muuza magodoro anakitaka chumba, na kwamba kodi yake ingetengeneza paa linalovuja. Tukakubaliana mbele ya shangazi yako mdogo: nikifika mwisho wa mwezi bila wateja, nitakabidhi ufunguo. Sikubishana wala sikulia. Nilivaa viatu nikaenda kununua kompyuta.

Duka la kompyuta zilizotumika liko nyuma ya soko. Muuzaji ni mtu wa maneno mengi, kama redio isiyo na kitufe cha kuizima. Alinitolea moja nyembamba, ya rangi ya fedha.

"Hii, mama, ni nyepesi kama karatasi. Mjukuu wako ataifurahia."

Nilimjibu kwamba mjukuu wangu hachapi kazi za watu. Nikavua mtandio, nikautandaza juu ya kibodi na mikono yangu, nikaanza kuchapa nikitazama ukutani. Ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu miaka yote: mikono ifunikwe, ili macho yabaki kwenye karatasi na vidole vijifunze njia vyenyewe. Muuzaji akavua kofia taratibu.

"Mama, unaiombea?"

"Naifanyia mtihani."

Ilifeli. Herufi moja ilikuwa haiitiki mpaka uigonge mara mbili, na kitufe cha nafasi kilikuwa kizito upande wa kushoto. Ya pili nayo ilifeli. Ya tatu ilikuwa nene, nyeusi, imekwaruzika mgongoni, na ilikuwa imewekwa chini ya meza kama kitu cha kuonea aibu. Nilipofunua mtandio, aya nzima ilikuwa pale kwenye kioo bila dosari.

"Hiyo ni ya zamani, mama. Ilikuwa ya ofisini."

"Hata mimi," nikamwambia, na bei ikapungua palepale.

Kwa hiyo, mwanangu, huo ndio ushauri wangu wa kwanza. Usinunue rangi wala wembamba. Zile nene zilizotumika maofisini zimeundwa kufanya kazi kutwa, na wenyewe huziuza kwa bei nafuu wanapoleta mpya. Keti, chapa ukurasa mzima, kila herufi. Muuzaji akikuharakisha, hapo kuna jambo analolijua.

Chomoa waya wa umeme uendelee kuitumia kwa betri mlemle dukani, usikubali kuambiwa tu kwamba betri ni nzima. Fungua na kufunga kifuniko mara kadhaa. Bawaba zikilia leo, kesho zitavunjika. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile wanayoiita RAM, isipungue gigabaiti nane, na diski iwe ya aina ya SSD, kwa sababu zile za zamani zinazozunguka zitakufanya uchemshe maji, uyanywe, na bado kompyuta haijawaka. Uliza pia kama mfumo wake bado unapokea masasisho. Chaja iwe yake yenyewe, si ya kuazima kwa ndugu zake. Halafu udai risiti yenye muda wa dhamana, iliyoandikwa. Muuzaji wangu aliniapia kwa mdomo. Nilimpa kalamu.

Kuhusu programu, watakwambia ulipie hiki na kile. Ipo programu ya kuandikia ya bure kabisa, inayofungua mafaili ya wenzako na kuyahifadhi kwa namna watakavyoweza kuyafungua. Hiyo ndiyo niitumiayo mimi. Programu za wizi ambazo watu hupeana kwa flashi usiziguse hata zikija kwa upendo. Huja na wageni wasiobisha hodi. Kinga ya virusi inayokuja na mfumo inatosha, mradi usiizime. Kila kazi uihifadhi mahali pawili, kwenye kompyuta na nje yake. Na kazi iliyokamilika uipeleke kwa mwalimu ikiwa PDF, ili ifike kwake ilivyotoka kwako.

Sasa nikueleze tulivyoshindana, maana baba yako hatakueleza.

Mteja wangu wa kwanza kwa kompyuta hiyo alikuwa mwanafunzi wa uuguzi mwenye ripoti ya utafiti. Darasa lao zima lilikuwa na ripoti za kuchapwa, nao walikuwa wakisubiri waone yake itakavyotoka. Nilimchapia vizuri sana, isipokuwa kosa moja ambalo wewe usingelifanya. Kwenye taipureta, kila mstari unapokwisha kengele hulia, nawe hurudisha gari la mashine, lile linalobeba karatasi, kwa mkono. Kompyuta haina kengele, basi mimi niliisikia kichwani, na kila mwisho wa mstari nilibonyeza kile kitufe kikubwa cha kuteremka, Enter. Kila mstari, kurasa zote. Kwa macho, kazi ilipendeza.

Asubuhi ya siku ya kuwasilisha, msimamizi wake akaagiza pambizo la kushoto liongezwe na herufi zikuzwe. Nikabadilisha. Mistari yote ikavunjika: mrefu, kisha neno moja peke yake, mrefu, neno moja, ukurasa mzima kama kinywa chenye mapengo. Mwanafunzi akakaa kwenye benchi na kufunika uso. Wakati huohuo baba yako alikuwa chumbani na futikamba akiupima ukuta wa magodoro, kwa kuwa mwezi ulikuwa ukingoni.

"Dada, sogeza kiti kidogo nipime hapo."

"Pima nikiwa nimekaa."

Mwanafunzi alitoka mlangoni akamwita Chapuchapu na kumweleza. Kijana akajibu kwa sauti ya mtaa mzima kusikia kwamba kuunganisha mistari ile ni kazi ya siku mbili, na ana foleni. Nilijua kwamba binti yule akivuka barabara, darasa lote litavuka naye, na chumba hiki kitajaa sponji.

"Rudi ukae," nikamwambia. "Utaipata kabla ya saa ya kuwasilisha."

Nilifungua ukurasa mpya. Safari hii nilipanga pambizo kwanza, nikachagua ukubwa wa herufi, nikaiachia programu ikate mistari yenyewe, na kile kitufe nikakigusa pale tu aya ilipokwisha. Nikaanza ripoti upya kutoka neno la kwanza. Sikutazama vidole. Kila nilipomaliza ukurasa, mwanafunzi aliusoma kwenye kioo akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, na kwikwi zake zikapungua, kisha zikakoma. Baba yako aliacha kupima. Alisimama na futikamba imening'inia mkononi, mpaka ikajirudisha yenyewe kwa kishindo na kumshtua.

"Dada, hupumziki?"

"Nikipumzika utapima."

Baadaye nilijifunza kwamba programu ina njia ya kuunganisha mistari yote kwa amri moja. Wewe ijifunze mapema. Mimi sikuijua siku ile, na sijutii.

Jua lilikuwa bado juu nilipomaliza. Sina printa, kwa hiyo nilibeba flashi mwenyewe nikavuka barabara. Chapuchapu alichapisha kurasa zile huku akizipekua kutafuta kosa.

"Mwalimu, nani amekufanyia hii?"

"Toa zilizobaki, mtoto wa watu anachelewa."

Binti aliwasilisha kwa wakati. Msimamizi akaishika ripoti ile mbele ya darasa na kusema kwamba hivyo ndivyo anavyotaka kuziona zote. Siku chache baadaye paka alikosa pa kulala. Chapuchapu mwenyewe sasa huniletea kazi ndefu, nami humpelekea za kutoa kwa printa, na kila asubuhi huniamkia kabla hajafungua duka lake.

Siku ya mwisho ya mwezi muuza magodoro alikuja kuchukua ufunguo. Alikuta benchi limejaa hadi mlangoni. Akakuna kichwa, kisha akauliza kama na yeye anaweza kuchapiwa bei za magodoro yake. Nilikuwa katikati ya sentensi, nisingeweza kugeuka. Baba yako ndiye aliyemjibu.

"Foleni inaanzia kule nyuma. Kaa baada ya yule mwenye shati la bluu."

Hajakiri kwa mdomo kwamba nilishinda, wala simdai akiri. Lakini ninapoandika haya namsikia uani akipiga randa. Anatengeneza benchi la pili, na amekuja mara mbili kuniuliza nataka liwe na urefu gani.

Shangazi yako mdogo anakusalimu, na anasema paa litasubiri mapato ya chumba. Mama yako anakusalimu sana na anataka picha yako ukiwa umevaa sweta. Pacha wa jirani wanauliza utarudi lini, wala hawajui hata ulikokwenda. Wasalimie wenzako mnaoishi pamoja, hasa yule aliyekuuguza ulipokuwa na kifua.

Mungu akulinde njiani na darasani, aipe mikono yako kazi na kazi yako heshima.

Ni mimi nikupendaye bila kupunguza,
Shangazi yako.