Siku Uliyokubali Kuwa Paka

Mdogo wangu Nekesa,

Nyau. Sauti hiyo haijanitoka tangu Jumapili nilipokuja kukuona Njiru. Nilikuwa bado langoni kwa shangazi, nikadhani ni paka wa jirani. Kumbe ni wewe, umepiga magoti mchangani, unajifanya kulamba kifuniko cha chupa.

Mlikuwa mnacheza kalongo, ule mchezo wa kujifanya baba, mama na watoto. Hamdi, yule msichana wa nyumba ya pili, alikuwa mama. Wewe ulikuwa paka wake. Ulipoanza kumweleza kwa nini paka wakubwa hawafai kupewa maziwa, alikukatiza: "We! Paka haongei!"

Nikangoja ulie. Ukacheka, ukainamia kifuniko tena.

Unakumbuka varanda yetu hapa Tassia? Ulikuwa na miaka minne, unasoma gazeti bila kukwama, lakini kalongo ilikushinda. Uliwaambia wenzako kwamba Brayo, mmoja wao, hawezi kuwa baba yako kwa sababu umemzidi umri. "Toka hapa, mwalimu!" wakakufukuza. Nikatoka ndani, nikawaambia, "Anamaanisha anataka kucheza na nyinyi."

Nikawa mkalimani wako kila siku. Wao walinielewa, wewe ulinielewa, na kati yenu hapakuwa na njia isiyopitia kwangu. Niliipenda kazi hiyo mno.

Kwa hiyo Jumapili nikaifanya tena. Ulimwambia Hamdi neno kuhusu mkia wako, nami nikadakia, "Anamaanisha..."

Ukanitazama kwa upole, kama mtu mzima.

"Dada, ameelewa."

Nina wivu, Nekesa. Namwonea wivu mtoto wa miaka saba mwenye kamasi puani. Nina shahada, nimesoma kila nilichopata kuhusu watoto wenye akili kama yako, na haikunijia hata siku moja kukwambia unyamaze uwe paka. Tangu siku hiyo namtafutia kasoro. Nimepata moja tu: anakuita "Neke," jina nililodhani ni langu peke yangu.

Ulikwenda kwa shangazi kwa likizo tu. Mama, kwa kuwa yeye hushinda kiwandani na mimi ndiye ninayeshinda nawe, aliniachia niamue kama urudi shule zikifunguliwa. Nilitaka urudi. Bado nataka.

Asubuhi ya leo nimemtumia shangazi nguo zako zote na blanketi lako, na nimemwomba akuandikishe shule anayosoma Hamdi. Ameshakuandikisha.

Cheza, mdogo wangu.

Dada yako